Kreti Iliyokwenda kwa Shemeji

Katika bonde letu la mto Kamenice, ambako kila nyumba ya tatu ina kibanda cha shanga, mtu husifiwa kwa macho yake kama kwingine wanavyosifiwa kwa sauti au kwa mashamba. Kwa miaka kumi na mmoja hakukuwa na macho yaliyosifiwa kuliko ya Zdislava Pilařová. Kazi yake ilikuwa kukaa kwenye meza ya kuchambulia rangi katika kiwanda cha kioo. Alishika fimbo za kioo moja moja, nene kama kidole na ndefu kama mkono, akitaja rangi na nambari kabla hujamaliza kuuliza. Fimbo hizo ziligawiwa kwa watu wa vibandani, nao walizilainisha motoni na kuzikandamiza kuwa shanga. Picha yake ilikuwa kwenye ubao wa wafanyakazi bora mlangoni. Kila asubuhi alipita akijifanya haioni, na kila asubuhi aliitupia jicho.

Aliyemfundisha ni mzee Vavřinec Preissler, fundi wa rangi, mtu mkali aliyenuka tumbaku na kuamini kwamba wanawake waliumbwa ili wavunje vioo. Mzee huyo alikuwa na kopo la bati alilolifungia kabatini kama mtu afichavyo pombe. Ndani yake mlikuwa na unga wa rangi ya samawati hafifu uitwao neodimi. Ni unga wa metali inayotoka mbali, ghali, inayotenganishwa kwa taabu na metali ndugu zake kwa sababu zinafanana kupita kiasi. Hata jina lake, alisema, ni Kigiriki na maana yake ni pacha mpya. Ukitia unga huo kwenye kioo kinachoyeyuka, unapata fimbo yenye tabia ya ajabu.

"Angalia, binti. Hapa dirishani ni rangi gani?"

"Zambarau hafifu."

"Haya, njoo nayo chini ya hizi taa zao za tyubu."

Zdislava akasogea. Fimbo ile ile ikawa samawati safi, kama anga la Aprili.

"Imebadilika," alisema.

"Haijabadilika hata kidogo. Mwanga ndio umebadilika. Neodimi inakula manjano, unanielewa? Jua lina kila rangi. Kioo hiki kinang'oa manjano, kinakuachia wekundu na ubuluu, na wewe unaona zambarau. Tyubu zao hazina wekundu wa kutosha, kwa hiyo unabaki na ubuluu mtupu. Unafikiri wale mafundi wa tanuri wanavaa miwani ile kwa urembo? Imetiwa neodimi. Inameza ule mwali wa manjano unaopofusha, mtu akaona kioo chenyewe kikilainika."

Kisha akampa sheria. Hakuna fimbo ya samawati inayowekwa rafuni kabla ya kupelekwa dirishani. Kukiwa na giza, washa mshumaa. Mbele ya mshumaa neodimi haiwezi kujificha.

"Na mshumaa ukiisha?"

"Lala nayo mpaka asubuhi. Mumeo atavumilia."

Mumewe alikuwa dereva wa basi, mpole, na hahusiki sana na habari hii. Anayehusika ni shemeji yake. Dada yake mkubwa, Oldřiška, aliolewa na Bedřich Pochop, mkandamiza shanga, aliyerithi kibanda na mashine kutoka kwa babu yake. Bedřich alikuwa mtu wa mizaha. Kila alipofika kiwandani na kijigari chake kuchukua fimbo, kazi ilisimama kidogo.

"Shemeji, kwa macho mazuri hivyo, mbona hukuona mume mzuri?"

"Nilimwona. Dada ndiye aliyekuwa na haraka, akachukua wa kwanza kupita."

Bedřich na Oldřiška walikuwa na mtoto mmoja, Blažena, msichana wa miaka ishirini, karani wa ghala hapo hapo kiwandani. Funguo za ghala la fimbo za neodimi zilikuwa mikononi mwa watu wawili tu: yeye na mkuu wa kiwanda, komredi Hejral. Blažena alikuwa ameposwa, na harusi ilikuwa baada ya Pasaka. Baba yake alimpenda kiasi cha kumchekesha kila mtu. Alimsubiri getini jioni kama anasubiri wageni kutoka ng'ambo.

Novemba ya mwaka 1974, siku ya Alhamisi, wanawake wa ukoo walialikwa kwa Oldřiška kuchambua manyoya ya bata bukini kwa ajili ya mito na mfarishi wa bibi harusi. Ni kazi ya wengi, unyoya mmoja mmoja, na kila kinachofaa kusemwa kuhusu watu husemwa hapo. Zdislava hakutaka kukosa. Saa kumi jioni, theluji ikianguka na dirisha limekuwa jeusi, likaletwa kreti kutoka tanurini. Lilikuwa limepita uani, na theluji ilikuwa imefuta chaki iliyoandikwa ubavuni.

Akatoa fimbo moja, akaiinua chini ya tyubu. Samawati. Mshumaa ulikuwa kwenye mtoto wa meza. Kibiriti kilikuwa kwenye koti, na koti lilikuwa mlangoni, hatua kumi. Wenzake walikwisha kutoka. Zdislava akajiambia kwamba macho kama yake hayahitaji mshumaa. Miaka kumi na mmoja si siku kumi na moja. Akaandika nambari ya samawati kwenye kreti, akalisukuma rafuni, akaenda kuchambua manyoya. Walicheka sana jioni ile, walikula keki ya mbegu za popi, na alimtania Blažena mpaka msichana akaenda kujificha jikoni.

Asubuhi saa kumi na mbili, giza bado, Bedřich alikuja na sleji ya kuburuta kwenye theluji. Zdislava mwenyewe ndiye aliyempa kreti lile, na kuliandika daftarini kuwa samawati. Likakaa kibandani siku tatu, maana alikuwa anamalizia kazi nyingine, kisha akalikandamiza lote. Kibanda chake nacho kilikuwa kimepewa taa ya tyubu msimu ule ule, zawadi ya kutimiza lengo la mwaka. Shanga zikarudi kiwandani kwenye magunia, zikasuguliwa, zikapakiwa kwa kilo chini ya tyubu nyingine, zikasafirishwa nchi za kusini, za jua kali, ambako watu huvaa shanga shingoni na kifuani na wanajua rangi kuliko sisi tunaozitengeneza.

Barua ya malalamiko ilifika Machi. Komredi Hejral aliisoma kwenye kantini: shanga hizi dukani ni samawati, lakini mteja akitoka nazo juani zinakuwa zambarau, kama jicho la mtu aliyepigwa ngumi. Watu wakacheka. Hejral hakucheka. Alisema kreti zima la neodimi, lililoandikwa kwenye daftari la tanuri, halionekani ghalani, shanga zimetoka kwenye magunia ya Bedřich Pochop, na Jumatatu wakaguzi watahesabu kila rafu.

Ijumaa hiyo Zdislava alibaki nyuma, akahesabu rafu yake mwenyewe. Samawati ilikuwa imezidi daftari la tanuri kwa kreti moja. Akahesabu tena. Akaikumbuka Alhamisi ile, kibiriti, koti, hatua kumi, kisha akakaa juu ya ndoo.

Nataka nimtendee haki. Kukosea si dhambi. Hata Preissler aliwahi kukosea, ingawa angekufa kuliko kukiri. Kama angekwenda kwa Hejral saa ile na kusema ni mimi, wangemkata mshahara, wangeondoa picha ubaoni, na watu wangemcheka mpaka majira ya joto. Ni hilo tu. Lakini ni hilo tu ndilo aliloshindwa. Aliona picha ikibanduliwa. Akainuka, akaichukua ile ndoo, akabeba fimbo za samawati za kreti lililozidi mpaka nyuma ya kiwanda, kwenye shimo la vigae vya kioo kinachorudishwa tanurini. Safari nane. Kila safari alizipiga kwa nyundo zisitambulike. Jumamosi mafundi wa moto walizichota kwa sepetu pamoja na takataka nyingine, na Jumatatu hesabu ya samawati ikawa sahihi kabisa.

Alidhani Bedřich atakaripiwa kwa uzembe, basi. Hakufikiri mbele ya hapo, au hakutaka kufikiri. Lakini wakaguzi walikuwa na kalamu na akili. Samawati imetimia, kwa hiyo kreti la neodimi halikuchanganyika na kitu, lilitolewa ghalani kwa ufunguo. Ni wizi wa mali ya umma. Na wenye ufunguo ni wawili.

Kikao kilifanyika kwenye ukumbi wa kijiji. Zdislava alikaa safu ya tatu, mikono chini ya mkoba. Hejral alipoanza kusema habari za funguo, Bedřich alisimama kabla hajaitwa.

"Nimechukua mimi," alisema. "Msimuulize mtu mwingine."

Zdislava alijua shemeji yake hakuiba. Ndiye pekee duniani aliyejua kwa hakika, na mtu mwenyewe amesimama anasema ameiba. Alikuwa na muda wa kuinuka. Kikao kilichukua saa nzima baada ya hapo. Alikaa.

Wakamnyang'anya kibali cha kukandamiza shanga. Lori likaja kuchukua mashine ya babu yake, na ilipopakiwa ilivunja kizingiti cha kibanda. Akapewa kifungo cha nje, na kazi ya kusukuma makaa kwenye tanuri la kupashia joto shule, ambako alikaa mpaka anastaafu. Wenye adabu waliacha kumwita kwa jina. Wasio na adabu walimwita Bedřich Mwizi, watoto wa shule wakiwemo. Wazazi wa mchumba wakatuma ujumbe kwamba harusi isubiri, na sisi sote tunajua maana ya isubiri. Mwezi wa sita Blažena akaondoka na sanduku moja kwenda Ostrava, upande mwingine wa nchi. Watu walisema amekimbia aibu ya baba yake. Zdislava aliamini hivyo, na hilo peke yake lilitosha kumtafuna.

Alivyoishi baada ya hapo ni kama mtu mwenye kokoto kiatuni ambaye hathubutu kuvua kiatu mbele za watu. Alibandua ile picha mwenyewe, akasema kioo chake kimepata ufa. Wakampandisha cheo. Kila Jumapili alimpelekea Bedřich supu ya viazi na uyoga, kila Krismasi soksi za sufu. Alifua mapazia ya dada yake bila kuombwa.

"Shemeji, utaninenepesha mpaka nisitoke mlangoni," Bedřich alisema, na akala.

Mizaha haikumtoka, ila ilipungua. Zdislava alicheka kwa kila mmoja kupita kiasi. Akirudi nyumbani alijitetea moyoni: si amesema mwenyewe? Nani alimlazimisha? Huenda aliiba kweli kitu kingine, siku nyingine, na dhamiri ndiyo iliyomsukuma. Mtu anayetaka kulala ataamini lolote, na yeye aliamini hilo usiku mmoja mmoja, kisha asubuhi aliona haya. Siku moja alikuta gazetini kwamba neodimi sasa inatengeneza sumaku zenye nguvu kuliko zote, za spika na za mota, na miali ya leza inayokata chuma. Alilikunja gazeti haraka, kama aliyeona jina lake limeandikwa humo.

Alijaribu kusema. Alikwenda kwa padri, akaungama hasira na uvivu. Mwaka 1987 Oldřiška alipolala kitandani na saratani, Zdislava alishika mkono wake na kufungua kinywa, na dada yake akamtangulia.

"Mwangalie Bedřich. Mbishi yule, lakini hana mtu."

"Nitamwangalia, dada."

Akaona amejibu vya kutosha. Siku tatu baadaye hakukuwa na dada wa kumwambia tena.

Kisha serikali ikabadilika, na mwaka 1991 ikawa kila mtu anaandika maombi ya kusafishiwa jina. Zdislava, mstaafu sasa, aliona mlango. Kama serikali ingemwandikia Bedřich kwamba hana hatia, jambo lingekwisha bila yeye kusema neno. Nasema wazi kwamba ndivyo alivyofikiri, kwa sababu alikuja kunieleza mwenyewe. Jumapili moja baada ya chakula cha mchana alikuja na supu na fomu kwenye bahasha.

"Shemeji, nimekuletea kitu. Siku hizi wanasafisha majina."

"Wasafishe yao. Langu nimeshalizoea na madoa yake."

"Unajaza hapa na hapa tu. Tarehe nimeshakuandikia."

"Umekuwa karani uzeeni?"

"Bedřich, acha mzaha leo. Wewe si mwizi."

Bedřich akaweka kijiko chini. Alikuwa na miaka sabini na mmoja, na masizi ya makaa hayakuwahi kumtoka kwenye mikunjo ya vidole.

"Wakifungua lile faili watauliza swali moja. Kama si yeye, ni nani? Siwezi kuwaacha waulize."

"Si wataona zilichanganyika tu!"

"Samawati ilitimia, shemeji. Ulikuwepo wakihesabu. Mimi nilipokea kreti moja wiki ile, nikakandamiza kreti moja. Nimelipigia hesabu jambo hili nikisukuma makaa, miaka yote. Mtu alitoa kreti la neodimi kwa ufunguo, akalificha kibandani kwangu apate kuliuza. Siku ya kuuza akabeba lile langu kwa makosa, kwa sababu chini ya tyubu yanafanana. Mtu mwenye ufunguo wa ghala na ufunguo wa kibanda changu. Na aliyekuwa anahitaji pesa za kuanzia nyumba." "Unamjua. Ulimchambulia manyoya."

Zdislava alishika ukingo wa meza.

"Blažena?"

"Nilimuuliza kabla ya kikao. Akakataa. Nikampiga kofi, mara ya kwanza tangu azaliwe, nikamwambia mwizi halali nyumbani kwangu. Akaapa. Nikamwambia asiape. Kesho yake nikasimama nikasema ni mimi, kwa sababu mwizi au si mwizi ni mwanangu, na gereza lingemmaliza. Lakini sikumtazama tena. Alipoaga nilikuwa napasua kuni, sikugeuka."

"Na dada? Dada alijua?"

"Alisema nimekosea. Miaka kumi na miwili aliniambia nimekosea. Alikufa ananiambia."

Miaka kumi na sita Zdislava alidhani anajua ukubwa wa alichokifanya. Alidhani ni jina, kibali na mashine ya chuma. Sasa aliona dada yake akipanda treni peke yake kila vuli kwenda kwa binti yake Ostrava, na kikapu cha maandazi, na akaona kwamba kila supu aliyoileta ilikuwa imeliwa na mtu aliyemfukuza mtoto wake kwa sababu ya ndoo nane.

"Hajaiba," alisema. "Bedřich, hajaiba. Kreti la neodimi nilikupa mimi. Lilikuja jioni, chaki imefutika, sikuwasha mshumaa. Nikaandika samawati."

"Samawati ilitimia."

"Ilizidi. Ilizidi kreti moja. Nilibeba nikatupa kwenye vigae kabla ya Jumatatu."

Alisubiri ngumi, au kelele, na angeshukuru kwa chochote. Bedřich alimtazama kama mtu anayejaribu kusoma bila miwani.

"Ulibeba na nini?"

"Ndoo."

"Safari ngapi?"

"Nane."

Akatikisa kichwa taratibu, hesabu ikimtimia. Akalisogeza bakuli mbali naye mpaka likagusa ukuta.

"Nimekula supu yako miaka yote hii," alisema.

Zdislava akaanza kulia, na yeye akamwambia anyamaze, bila ukali, kama anayesumbuliwa na redio ya jirani. Akainuka, akaenda ukumbini. Simu ilikuwa ukutani, waliwekewa Oldřiška alipougua. Akaanza kuzungusha namba. Hakutazama karatasi, hakutazama daftari. Alizungusha tarakimu zote tisa moja baada ya nyingine, akingoja kila mara gurudumu lirudi. Ni namba ya Ostrava, na hakuwahi kuipiga hata siku moja. Kisha akamnyooshea Zdislava mkono wa simu.

"Sema wewe. Nikisema mimi atadhani nimemsamehe, na hana cha kusamehewa."

Simu iliita mara nne. Mwanamke akapokea; nyuma yake televisheni ilikuwa inaongea.

"Halo?"

"Blaženka, ni mimi. Mama yako mdogo."

Televisheni ikazimwa.

"Mama mdogo? Baba amekufa?"

Zdislava akamtazama shemeji yake, aliyekuwa amelisikia swali hilo, na aliyekuwa ameshikilia ukuta kwa viganja vyote viwili.

"Hajafa," alisema. "Yuko hapa, anakusikia. Kaa chini, mwanangu. Mwizi ni mimi."